Mzazi wa Kumi

Waraka ulifika shuleni kwetu Jumatatu ya wiki ya tano ya muhula, ndani ya bahasha ya kaki, na mwalimu mkuu Ocama aliusoma mara mbili kabla ya kuniita. Ocama ni mtu anayependa amani kuliko ukweli. Simlaumu, maana mimi mwenyewe, kama utakavyoona, sina ukweli wa kumfundisha mtu.

Waraka ulisema kwamba kila shule inayopokea fedha za serikali lazima ithibitishe kuwa wazazi wanashiriki. Mkaguzi atachagua darasa moja. Kila mtoto wa darasa hilo awe na mzazi aliyeweka dole gumba kwenye fomu, kisha Ijumaa mzazi huyo aje, akae, aangalie daftari la mwanawe. Shule itakayoshindwa itaondolewa kwenye orodha. Kwetu sisi, kwenye barabara ya kutoka Koboko kwenda mpakani Oraba, kuondolewa kwenye orodha ni kufunga milango, na watoto warudi kuuzia madereva wa malori mayai ya kuchemsha.

Darasa lililochaguliwa lilikuwa la tano, darasa langu mimi Driciru. Watoto sitini. Hamsini walikuwa na mzazi, na Ocama alizunguka vijijini kwa pikipiki mpaka wote hamsini wakaapa kuja. Kumi hawakuwa na mzazi. Waliishi na bibi, na shangazi, na majirani. Wengine walivushwa mpaka kutoka Kaya, nchi jirani, wakati wa vita, mgongoni mwa watu wasiowajua. Bibi na shangazi hawakutosha. Waraka ulitaka mzazi, au mlezi mwenye barua ya hakimu, na hakimu hapatikani kwa siku nne.

Mmoja wa hao kumi, Sumayah, alikuwa akiishi nyumbani kwangu.

"Madam," Ocama akaniambia, "majina ya wazazi iko kwa kitabu ya kuandikisha watoto. Wewe iko na vidole kumi. Watoto iko kumi. Mungu hapana fanya makosa."

"Na Ijumaa je?"

"Ijumaa tunaweka viti sitini. Mkaguzi ataona viti. Watu ya gavumenti wanahesabu viti."

Nilicheka, na kucheka kwangu kukawa ndiyo kukubali. Saa kumi alasiri niliketi ofisini na sponji ya wino wa muhuri, nikaanza na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho nilikiweka kwenye jina la mama yake Aliga, ambaye nilikuwa nimeimba kwenye mazishi yake kule Omugo. Kilichofuata kilikuwa cha baba yake Sandra, aliyegongwa na lori. Wengine sikuwajua ila kwa majina. Nilikuwa makini kutumia kidole tofauti kwa kila mzazi, asije mkaguzi akasema alama zinafanana. Dole gumba la kulia ndilo nililolibakiza mwisho, nikalibana kwenye jina la Hawah, mama yake Sumayah.

Nilipokuwa nikijifuta kwa mafuta ya taa nikamkumbuka bibi yangu wa Dadamu. Alikuwa na neno lake moja: usimwite mtu kikaoni kwa jina kama huna kiti cha kumpa, na ukimwekea kiti, usishangae akija. Tulikuwa tukimcheka. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi, na mengi yao yalihusu kuku.

Asubuhi iliyofuata nilishika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili, kama nilivyozoea, nikapiga kelele. Dole gumba la kulia lilikuwa limeungua. Vile vidole vingine tisa havikusikia kitu. Nilivigusisha shavuni, vilikuwa baridi, baridi ile ya jiwe la mtoni. Nikavisugua, nikavitia kwenye maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Vilishika, vilikunjika, viliandika ubaoni kama kawaida, ila joto halikuvifikia. Nikajiambia ni mafuta ya taa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi dawa ya kuilaumu.

Sasa niseme habari ya Sumayah, maana nimeichelewesha kwa makusudi.

Hawah alivuka kutoka Kaya miaka minne iliyopita akiwa na mtoto mmoja mkononi. Wa pili, mdogo zaidi, alikuwa amebaki upande ule kwa nyanya yake. Aliniomba nikae na Sumayah siku chache akamchukue mwenzake. "Ijumaa narudi," akasema. Barabara ikafungwa wiki hiyo hiyo. Kila Ijumaa mtoto aliketi kwenye kizingiti akitazama upande wa Oraba, na kila Ijumaa mimi, ambaye Mungu hakunipa mtoto, nilimpikia vizuri ili asahau. Nilimpeleka madrasa Jumamosi ingawa mimi mwenyewe naimba kwaya. Nilimfundisha kusoma. Nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Baada ya miaka miwili, Taban, mbadilisha pesa wa pale Oraba, aliniita. "Madam, iko mama moja upande ile, anauliza mtoto ya kike. Jina Sumayah. Ameniachia namba."

"Watoto wa jina hilo wako wengi," nikamjibu, nikaondoka.

Jioni ile ile nilimwambia Sumayah kwamba mama yake amefariki. Nilijiambia ni huruma, kwamba mtoto hawezi kuishi maisha yake yote kwenye kizingiti. Uongo mtupu. Nilitaka aache kutazama barabara na anitazame mimi. Akaacha.

Ijumaa ya mkaguzi ilianza na jua zuri. Tulikuwa tumeondoa mbao zinazotenganisha darasa la tano na la sita, viti vya plastiki vya kanisa vikapangwa, hamsini mbele na kumi ukutani nyuma. Watoto walikaa kwenye mikeka. Wazazi walikuja wote hamsini. Mkaguzi aliitwa Anguyo, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, na alipofika akavuta kiti cha kwanza alichokiona mbele, akaketi. Kwa hiyo mzee Acidri, baba yake Okuonzi, ambaye siku zote huchelewa, akakosa kiti mbele. Ikambidi aende nyuma.

Nilimtazama. Safu nzima ya nyuma ilikuwa tupu, na kiti cha kwanza kilikuwa karibu na mlango. Mzee hakukikalia. Alivua kofia, akapita mbele ya vile viti kwa upande, ameinama kidogo na kuvuta tumbo ndani, kama mtu anavyopita mbele ya magoti ya watu kanisani. "Samahani," akasema. Hatua mbili. "Samahani, mama." Akaenda hivyo mpaka kiti cha kumi, cha mwisho kabisa, akaketi bila wasiwasi na kuweka kofia pajani.

Vidole vyangu tisa vikaanza kuuma.

Anguyo akafungua fomu. Alikuwa mkaguzi wa kweli, asiyehesabu viti. Aliita jina, akainua macho, akamtafuta mwenye jina, kisha akaweka tiki. Wazazi waliitikia, naye akaendelea. Alipoita jina la mama yake Aliga nilifumba macho. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, Anguyo alikuwa akitazama ukuta wa nyuma. Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesalimiwa, akaweka tiki. Akamwita baba yake Sandra. Akatazama nyuma, akaweka tiki. Ikawa hivyo mara tisa, na mara zote tisa kidole kimoja changu kiliuma mpaka kwenye mfupa kisha kikatulia. Ocama alikuwa akitabasamu. Yeye alidhani mkaguzi anatufanyia wema.

"Hawah, mama yake Sumayah."

Anguyo akainua macho. Akatazama nyuma kutoka upande mmoja hadi mwingine, taratibu, akifuata safu. Akasubiri. Dole gumba langu lilikuwa na joto, lilitoa jasho.

"Hawah hayupo," akasema, na akaandika. Alipomaliza akajumlisha. "Wamefika hamsini na tisa. Amekosa mmoja, na kwa mmoja siifungi shule. Katika shule za huku sijaona wazazi wengi hivi."

Kisha akaomba watoto waonyeshe madaftari. Wakatawanyika kwa kelele. Aliga akainuka na daftari lake la hesabu, akaenda nyuma mpaka kiti cha kwanza, akalifungua mbele ya kiti kitupu. Alisubiri kidogo kila ukurasa, kama mtoto anavyomsubiri mtu asiyesoma haraka, ndipo akageuza. Sandra alikuwa kwenye kiti cha pili, akicheka na kuziba mdomo. Watoto tisa walisimama mbele ya viti tisa, na ajabu ni kwamba hakuna mzazi aliyewashangaa. Watu waliwapisha tu.

Sumayah alisimama na daftari lake kifuani. Alitazama ile safu kiti kwa kiti, akafika kwa mzee Acidri, akarudia tangu mwanzo. Kisha akarudi kuketi mkekani.

Mkaguzi alipoondoka na watu wakaanza kutoka, nilimshika mzee mkono mlangoni. "Mzee, kwa nini ulipita mpaka kiti cha mwisho?"

"Huko kwingine iko watu."

"Watu gani?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mwalimu asiyejua kuhesabu. "Wazazi, Madam."

Tulitembea kwenda nyumbani mimi na Sumayah saa sita mchana, jua utosini, malori yakitupita na vumbi lake. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, wala haikuwa hofu ya wafu. Wafu walikuja kuangalia madaftari wakaenda zao.

"Anti," akasema, "mama ya Aliga alikuja. Amevaa kitenge ya bluu, ile walimuzika nayo. Aliga anasema ni ile."

"Nimesikia."

"Baba ya Sandra alikuja. Wale yote walikufa, walikuja." Akapiga hatua chache. "Mama yangu peke yake hapana kuja."

Niliendelea kutembea. Akasimama katikati ya njia, nami ikanibidi nisimame.

"Wewe uliniambia amekufa. Kama amekufa, kwa nini hapana kuja na wengine?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilifika mwisho pale, mbele ya mtoto wa miaka kumi. Ningeweza kusema wafu wengine wako mbali sana, hawafiki. Angeniamini. Alikuwa ameniamini siku zote, na neno hilo lilikuwa tayari ulimini. Nilitazama mikono yangu. Vidole tisa baridi, kimoja kinachopiga kama moyo.

Nikamwambia yote. Taban, ile namba, jibu nililompa. Nilisema nilifanya vile kwa sababu nilimtaka awe wangu, na kwamba sina sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo. Hakulia. Nilimtarajia alie, nimkumbatie, nipate angalau hilo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso kuelekea Oraba, kama alivyokuwa akifanya zamani pale kizingitini.

"Leo ni Ijumaa," akasema.

Tukapanda boda sisi wawili. Alikaa mbele yangu, na njia nzima hakuniegemea.

Taban alikuwa mahali pake, chini ya mwavuli wake, akibishana na dereva. Nilisubiri amalize. Nikamuuliza kama ile namba bado anayo.

"Miaka mbili, Madam." Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, na tabasamu lake la biashara likaondoka. "Ile mama alirudi hapa kwa kizuizi mara tatu, askari hapana ruhusu apite. Mimi nikamwambia, madam anasema watoto ya hiyo jina iko wengi. Akarudi kwake analia."

"Mpigie."

Akatoa simu nyingine, ile yenye laini ya upande wa pili, akatafuta kwenye kijidaftari chenye mafuta ya mikono. Akapiga, akasikiliza, akaongea maneno mawili, akanipa. Niliibana simu kwa vidole vyangu na sikusikia kama ni ya moto au baridi, ila pale dole gumba lilipogusa.

"Nani huyu?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Mwalimu. Jirani. Mtu aliyemtunza. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa ya kujipendezesha.

"Hawah," nikasema, "mimi ni ile mutu iliweka dole gumba pahali yako. Nisamehe. Mtoto wako iko hapa."

Nikamkabidhi Sumayah simu. Akaipokea kwa mikono miwili, akanipa mgongo, akaanza kuongea haraka haraka kwa lugha ya kwao, ambayo kwa miaka minne nyumbani kwangu nilidhani ameisahau.