Daktari wa Vidudu

Vidudu walikuwa hai. Mtafiti alikiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akaona madoa meupe yametapakaa juu ya ute wa kuoteshea vidudu, uliotiwa nyongo, pale pale ambapo hapakupaswa kuota kitu.

Alikuwa ameihangaikia jeni moja tu. Bakteria wa tumboni wanapoionja nyongo, ambayo huwayeyusha kama sabuni inavyoyeyusha mafuta, huiamsha jeni hiyo, nayo huwaundia pampu ya kuitapika sumu nje. Yeye aliing'oa jeni hiyo. Wasio na pampu walitakiwa kufa.

"Umechanganya visahani," mkuu wa maabara alisema.

Wakarudia jaribio pamoja, bega kwa bega. Madoa yakaota tena. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama upya.

"Basi iko jeni nyingine inayoamka hiyo ikikosekana. Au kadhaa. Au tangu mwanzo hatujui tunachokisema."

Utafiti ulikuwa umetumbukia nyongo, na safari hii si kwa mafumbo. Bado ameduwaa, simu ikaita. Alikuwa shangazi yake.

"Njoo hospitali, mwanangu. Baba yako amegoma kupasuliwa. Anasema neno la mwisho ni lako."

Alimkuta baba amelala chali, macho ya manjano kama kiini cha yai. Kijiwe kilikuwa kimeuziba mrija wa nyongo, na vidudu wakajaa nyuma yake. Mzee huyo alifundisha hesabu hadi kustaafu; nyumbani kwake "sijui" lilikuwa neno la kutolewa nje.

"Daktari kafika," alisema.

"Mimi ni daktari wa vidudu, baba."

"Na waliomo humu ni nini, mbuzi?"

Shangazi aliangua kicheko, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Wanasema nyongo yangu ina vidudu," baba aliendelea. "Wewe uliniambia nyongo huwaua. Mwongo nani?"

"Huwaua. Wengi wao."

"Na hawa?"

Aliyaacha yale maneno aliyozoea kuyamwaga mbele ya wanafunzi. Alihisi kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa.

"Kuna kitu wamekiamsha. Nilidhani nakijua."

"Nipasuliwe, nisipasuliwe?"

"Mpasuaji anasema ukingoja, sumu itaingia kwenye damu. Hapo namwamini. Lakini ukiniuliza kama utatoka salama... sijui, baba."

"We mtoto!" shangazi alimaka.

Baba alimgeukia binti yake. Binti aliusubiri ule ukali uliomlea. Badala yake, mkono mkavu ulitambaa juu ya shuka, ukakishika kiganja chake.

"Tangu nilazwe kila mtu ananiambia nitapona," alisema kwa sauti ya chini. "Nikawa naogopa peke yangu. Mwite huyo mpasuaji."

Walimsukuma kwenye ukumbi mrefu, binti akiandamana na kitanda hadi muuguzi alipomzuia. Milango miwili ilipepea nyuma yao, ikapishana, ikapishana tena kwa uchovu, kisha ikatulia. Alibaki ameikodolea macho, hajui aweke wapi mikono yake.

Kwenye benchi, shangazi alisogea pembeni, akamwachia nafasi.