Kibao Mkobani

Pale Geneva, kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia, ukiitwa kwenye chumba kidogo cha mwenyekiti, ukitoka umeshakuwa msaliti. Haijalishi ulisema nini humo ndani. Wasioitwa wanakungoja ukumbini na vikombe vyao vya kahawa, wanakutazama mdomo kana kwamba una makombo.

Asubuhi ile niliitwa mimi. Nilipotoka, Theodora Desir alikuwa mlangoni. Yeye na mimi ndio ujumbe mzima wa kisiwa chetu cha Karibi. Waziri alikuwa amemleta juzijuzi, na mimi nilishamshuku kwamba ametumwa kunichunguza.

"Mzee Alcide, mbona unacheka?"

"Mwenyekiti katoa utani."

"Utani gani?"

"Hata sikuuelewa."

"Hukuuelewa, ila umeucheka. Haya."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuku. Mataifa makubwa yalitaka wote tufute ushuru wa mapaja ya kuku wa barafu. Kwao wanapenda kidari, mapaja wanatafuta pa kuyatupia. Yakiingia kwetu bila ushuru, dada yangu Eulalie na bonde zima la Fond Doré wanafunga mabanda. Eulalie hajui kazi nyingine, na ana miaka hamsini na minane.

Mle ukumbini jambo hupita lisipopingwa. Anayepinga, au anayetaka kusema lolote, husimamisha kibao chenye jina la nchi yake. Ukinyamaza, umekubali.

Kabla ya mchana nilimvuta pembeni Winston Prospere, wa kisiwa jirani.

"Simamisha wewe kwanza, nami nafuata," aliniambia. "Lakini Alcide, kibao chako kikilala, nitajua wamekununua mle chumbani."

"Mimi? Wangeanza na wewe, una bei nafuu."

Hakucheka. Nami sikumwambia Theodora tulichokubaliana. Ningejuaje kitamfikia nani?

Mchana mwenyekiti alifika kwenye kuku. Alisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. Kiti cha Theodora kilikuwa kitupu. Nikanyoosha mkono kuchukua kibao. Hakipo. Nikafunua makaratasi, nikainama chini ya meza. Hakipo!

"Kuna anayepinga?"

Nikainua mkono. Nikapaza sauti, "Mwenyekiti, sisi tunapinga!"

"Sioni kibao," alisema, macho yakipita juu ya kichwa changu. Alikuwa ameniona vizuri sana, mnafiki yule.

Nikamgeukia Prospere. Mkono wake ulikuwa juu ya kibao chake. Akatazama meza yangu tupu, akanitazama mimi, kisha akauondoa mkono. Nyundo ya mwenyekiti ikagonga meza, kuku wakapita. Watu wakapiga makofi.

Theodora alirudi makofi yakiendelea. Aliketi, akaninong'oneza kwa ukali.

"Nilikuwa nazungumza na waziri. Nimemweleza ya chumba kidogo. Kasema kuku hauzwi, na kuanzia sasa naongea mimi."

Akafungua mkoba. Kando ya kipande cha mkate alichofunga kwa karatasi, akatoa kibao chetu.

"Umekichukua wewe?"

"Ndiyo. Usije ukaomba nafasi ya kusema, ukawaambia tumekubali."

Nilishikwa na hasira hadi masikio yakawaka.

"Theodora, humu kukubali hakuhitaji kibao."

Alinitazama. Akaitazama nyundo, akawatazama watu waliokuwa wakikumbatiana kule mbele. Polepole akakisimamisha kibao mezani, akakishikilia kwa mikono miwili. Mwenyekiti alikuwa akikunja miwani yake.

Prospere alipita nyuma yetu, koti begani. Hakusimama.

"Ulichukua ngapi, Alcide?"

Nimwambie kibao kilikuwa mkobani, na mkate? Hata mimi nisingeyaamini maneno yangu.

Simu yangu ikaanza kulia. Alikuwa Eulalie.