Mkono wa Efrazia

Kila siku saa saba mchana, Mzee Hezekia, mwenye duka la uchapaji, alipokwenda kula na kuurudisha mlango nyuma yake, Klara aliifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alifuta kioo cha skana kwa kitambaa cha flana, akapanga juu yake slaidi nne, zile picha ndogo za filamu, akashusha kifuniko chenye taa, akakaa kungoja, mikono mapajani. Skana ilikuwa ya mtumba. Ilikoroma kama paka mgonjwa, na picha ilijitokeza kwenye kompyuta polepole, mstari kwa mstari, kuanzia mbinguni kushuka miguuni.

Slaidi zile zilikuwa za watu asiowajua. Hoteli ya zamani ya kule juu ilikuwa imeuzwa kwa mtu binafsi, na mmiliki mpya akaamuru stoo isafishwe. Humo mlikuwa na makasha sita. Meneja wa zamani, Mzungu aliyekwisha kufa, alikuwa na kawaida ya kuwaomba wageni wamtumie picha zao za likizo, kisha akawa anazionyesha ukutani kila Jumamosi. Klara aliyakuta makasha jalalani, juu ya maganda ya viazi, akayabeba mawili mawili mpaka dukani. Mzee Hezekia alimwuliza atayafanyia nini. Klara alitazama chini akasema watu waliocheka vile hawafai kuchomwa pamoja na takataka. Hezekia akamruhusu, kwa sharti kwamba wateja watangulie.

Siku moja mlango ulisukumwa kabla ya taa ya skana kufika nusu ya safari yake. Aliingia mzee mwenye kofia mkononi, na nyuma yake mwanamume wa makamo aliyevaa koti la Jumapili siku ya Jumanne.

Klara alisimama akamwamkia mzee shikamoo. Mzee akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakaa. Mwanawe, Bryson, ndiye aliyeeleza shida yao. Walitoka Mlola. Mama yake, Efrazia, alikuwa ametimiza mwaka tangu azikwe, na Jumapili ukoo ungekusanyika kuweka msalaba kaburini na kufanya ibada. Walitaka karatasi ya ibada ichapwe. Klara akachapa jina, mwaka wa kuzaliwa, nyimbo tatu, kisha akauliza kuhusu picha ya marehemu.

Bryson alimtazama baba yake. Picha hawakuwa nayo. Zilikuwako mbili, zikateketea jiko lilipowaka likashika nyumba. Mwaka jana jeneza lilisindikizwa bila sura, na wajukuu wadogo walikuwa wameanza kuuliza bibi alifananaje.

"Alikuwa akiuza plamu kwenye geti la hoteli," mzee akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Jina lake lilikuwa Zabron.

Klara hakuwa mtu wa kujitia katika maneno ya wateja. Lakini kwenye kasha la tatu alikuwa ameiona picha ya mwanamke kijana kwenye geti, mwenye kitenge cha kijani, akimkabidhi mgeni plamu moja kubwa. Aliitafuta kwenye kompyuta. Ilipofunguka, Mzee Zabron aliinuka akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Alitazama muda mrefu. Uso wake ulifunguka, kisha ukajifunga.

"Anafanana naye," akasema. "Lakini si yeye. Huyu kidoti chake kiko shavu jingine. Na tazama mkono. Wa kulia, na tunda limetulia. Efrazia alikuwa wa kushoto. Akishika kitu kwa kulia kinatetemeka."

Wakachukua karatasi zao zisizo na picha. Klara aliwasindikiza mpaka mlangoni.

Kesho yake, saa saba, aliendelea na kasha la tatu. Slaidi iliyofuata ilikuwa ya watoto wawili wa Kizungu chini ya kibao cha hoteli, na herufi zote za kibao zilisomeka kinyume, kama maandishi kwenye kioo cha kujitazamia. Slaidi za kasha zima alikuwa amezilaza kifudifudi. Upande uliofifia ulipaswa kutazama juu, yeye aliutazamisha chini, na picha zote zikageuka kulia kuwa kushoto. Picha ya geti haikuwa na maandishi. Ilikuwa na mtu anayempa mgeni kitu kwa mkono wa kulia, na Klara, aliyelelewa na mama aliyemchapa vidole kwa kupokea chumvi kwa mkono wa kushoto, hakuona ajabu yoyote.

Aliigeuza slaidi, akashusha kifuniko. Ikaja mbingu, ukaja uso, kidoti kikahamia shavu la pili, na mkono wa kushoto ukanyoosha plamu bila wasiwasi wowote.

Jumamosi aliomba ruhusa, akapanda gari la asubuhi la Mlola. Kwenye bahasha aliweka picha zote mbili, ile ya kosa na ile ya kweli, kwa kuwa alikusudia kulieleza kosa lake na alijua maneno yatamkimbia.

Alikuta wanawake wakimenya viazi uani. Bryson alimpokea akampeleka ndani kwa baba yake, na Klara akaziweka picha mezani pamoja, akaeleza kwa kigugumizi jinsi alivyokosea. Bryson alishika ile ya kwanza, ya kosa.

Alimshukuru sana Klara kwa kuhangaika, akasema sasa wameshajua kwamba ni mama, basi wabandike hii ya mkono wa kulia kwenye msalaba. Kesho kanisa zima litakuwapo, na shangazi zake. Marehemu bibi, mama yake Zabron, alimsema mama kwa mkono ule mpaka siku anakufa. Kwa nini wamwaibishe hata msalabani? Akamgeukia Klara akamwuliza kama kuna ubaya.

"Hiyo si yeye, kaka," Klara akasema. "Hiyo ni kosa langu."

Bryson alicheka kidogo, bila furaha, akasema uamuzi ni wa baba.

Mzee alivuta picha ya pili mpaka ukingoni mwa meza. Aliweka kidole juu ya ule mkono, akakiacha hapo.

"Siku ya kwanza nyumbani kwetu alimpa mama yangu maji kwa mkono huu," akasema. "Nikampokonya kikombe mbele ya watu. Tangu hapo akawa anatoa kwa kulia. Chai inamwagika, anaungua, ananyamaza, mimi naona ameshika adabu. Kumbe getini, kwa watu asiowajua, alitoa hivi."

Bryson aliirudisha ile ya kwanza ndani ya bahasha.

"Mkono huu ulilima," mzee akaendelea. "Ulinilisha uji miezi miwili nilipolala mgonjwa. Nilitaka kumwambia, kila siku nikasema kesho."

Aliiinua picha mpaka usawa wa macho yake, akaanza kwa Kishambaa, akasita, kisha akasema kwa Kiswahili ili hata mgeni asikie.

"Efrazia. Nipe kwa mkono wowote. Nitapokea."