Karibu Si Ndiyo

Watu walimwita Mama Karibu, na jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara ya udongo, na ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kamba iliyobeba sare za shule zisizo na vifungo bado. Mtu akipiga hodi, hata awe muuza sumu ya panya, yeye alijibu "Karibu!" kabla ya kuinua kichwa. Kwa neno hilo ulimi wake haukuwa na breki.

Ndiyo maana watu wa mradi wa umeme walipopiga hodi hakujiuliza mara mbili.

"Karibuni ndani! Jisikieni mko nyumbani."

Aliondoa vitambaa kwenye viti, akawapa maji ya kunywa. Walikuwa dereva na afisa ardhi wa mradi, kijana mpole mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Afisa akauliza kama wanaweza kutazama shamba la nyuma. "Karibuni tu," akajibu, uzi mdomoni. Walipokwisha kuondoka, alikuta vigingi vyenye vichwa vyekundu vimesimama katikati ya mihogo yake, na kimoja kiko chini ya dirisha la chumba anacholala. Toka siku hiyo bonde zima likamwita yule afisa Bwana Vigingi.

Nyaya za umeme mkubwa zilikuwa zipite juu ya bonde, kutoka bwawani hadi mjini, na chini yake isibaki nyumba wala mti. Watu wa bonde hawakuukataa umeme. Walisema nyaya zipite mlimani, kwenye mawe, mahali ambapo hata kunde hazioti. Mradi ukasema mlimani ni kuzunguka. Lakini masharti ya mradi wenyewe yalikataza mashine kuingia shamba la mtu kabla mwenyewe hajaridhia, na watu wa bonde walikuwa wameshikana neno moja: haridhii mtu.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Bwana Vigingi alisimama mbele ya ubao.

"Mnasema bonde zima limekataa," alisema. "Si kweli. Mama huyu hapa ameridhia. Alitukaribisha kwa mikono miwili, akatuambia tujisikie nyumbani. Dereva wangu ni shahidi. Tutaanzia kwake."

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Kumbe!" Fundi baiskeli alipiga dawati. "Sisi tunakaza mlango wa mbele, mwenzetu anafungua wa nyuma!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," mwingine akadakia, "na huyu ndiye anayetushonea nguo!"

Wakacheka, kicheko kibaya. Mama Karibu aliona uso wake unawaka. Aliwajua wote kwa vipimo vya mabega na viuno, na sasa hakuna hata mmoja aliyemtazama kama mtu anayemjua. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, akampiga kiwiko.

"Simama, wifi. Ukinyamaza hapa, umeshahama."

Mungu wangu, aliomba kimoyomoyo, ulimi ulionitumbukiza humu, nitoe kwa ulimi huohuo. Akasimama.

"Ni kweli niliwakaribisha," alisema. Watu wakaguna. "Na kesho wakija na kiu nitawapa maji tena. Lakini mwanangu, nilikukaribisha kiti. Ulipoondoka ulikibeba?"

"Hapana, mama. Nilikiacha."

"Na glasi niliyokupa?"

"Niliiacha pia."

"Basi na shamba liache."

Madawati yalilia kwa jinsi watu walivyojipinda kwa kicheko, na safari hii hakikuwa kibaya. Bwana Vigingi akasubiri kitulie.

"Lakini mama, ulisema tujisikie nyumbani."

"Nyumbani kwenu huwa unachomeka vijiti chini ya dirisha la mama yako?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" wifi alipaza sauti bila kusimama. "Huyu siku ya kwanza tu anatuletea tingatinga!"

Mama Karibu hakucheka. "Karibu si ndiyo," alisema. "Wote mmenisikia. Sijaridhia, na sitaridhia. Pitisheni mlimani."

Bwana Vigingi akafunga mkoba wake taratibu. "Haya ni maneno ya mkutano, mama, yana joto. Nitakuja kwako ukiwa umetulia. Ukinikaribisha, tutamaliza kistaarabu. Ukikataa mlangoni kwako mwenyewe, hapo nitajua umekataa."

Maneno hayo yalimfuata hadi nyumbani. Mbele ya watu alikuwa amesema. Mlangoni kwake je? Mama yake alimfundisha kwamba nyumba isiyoitikia hodi ni kaburi, na tangu utotoni hakuwahi kumwacha mtu nje.

"Akipiga hodi utasema nini?" wifi alimuuliza.

"Sitasema kitu."

"Wewe? Wewe hata malaika wa kifo akipiga hodi utamwambia karibu, kaa kidogo nimalizie pindo. Hebu tujaribu." Wifi akatoka nje, akavuta mlango. "Hodi!"

"Karibu!"

"Umeona? Umeshauza shamba. Hodi tena!"

"Kar—" Akajiuma ulimi, machozi yakamtoka. Wifi alikaa kizingitini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akasimama, wakaanza upya.

Watu wa mradi walikuja mvua zilipoanza. Tingatinga lilisimama njia panda likisubiri neno, na gari la mradi likaja peke yake hadi mbele ya ua wa michongoma. Bwana Vigingi akashuka.

"Hodi!"

Mama Karibu alikuwa kwenye cherehani. Mguu wake uliendelea kukanyaga, sindano ikapita juu ya kola.

"Hodi, mama!"

Kupitia dirishani aliona shati limemganda kijana yule mabegani. Ni mtoto wa mtu, aliwaza, na ananyeshewa mlangoni kwangu. Neno lilikuja hadi kwenye meno. Ee Mungu, lishike hapo hapo.

"Hodi! Mama, nakuona!"

Akasimama, akachukua mwavuli, akatoka hadi barabarani, akafunga kilango cha ua nyuma yake. Akauinua mwavuli uwafunike wote wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tuzungumze hapa hapa. Barabara ni ya wote, hakuna mwenyeji wala mgeni."

"Hata hodi huniitikii?"

"Nikikuitikia utasema nimeridhia. Na sijaridhia."

Kijana alianza kutabasamu, akaacha. "Mama, unashona kwa miguu mpaka magoti yanauma. Umeme huutaki?"

"Naupenda sana. Huu wako utanipita juu kama ndege. Nitausikia ukivuma, kupanda sitapanda."

"Mlimani ni mbali, mama."

"Na sisi mnakotaka kutupeleka ni karibu?"

Majirani walikuwa wametoka, kila mmoja amesimama kwenye kilango chake. Fundi baiskeli alikuja na gunia kichwani, akasimama ubavuni mwa Mama Karibu.

"Nisogezee mwavuli, mama. Na mimi ninyeshewe nusu."

Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la radhi, na Mama Karibu akamsogezea.

Bwana Vigingi akarudi garini. Dereva alipogeuza, gurudumu la nyuma likazama. Akakanyaga mafuta; gari likatapika tope na kuzama zaidi. Akashusha kioo.

"Jamani, tusaidieni!"

Hakuna aliyesogea. Watu walimtazama Mama Karibu.

"Linaelekea wapi?" aliuliza.

"Tunarudi, mama!"

"Kama ni kurudi," alisema akifunga mwavuli, "nasukuma mwenyewe."

Akapandisha gauni, akaegemeza bega. Wifi alikuwa ameshafika upande wa pili. Wakaja wote, wanaume kwa wanawake, wakisukuma kwa kelele na vicheko, tope likiwarukia hadi kwenye meno. Gari likachomoka. Hawakuliachia.

Bwana Vigingi akatoa kichwa dirishani. "Inatosha, mama! Linakwenda lenyewe!"

"Bado!" wifi akamjibu.

Walilisukuma hadi njia panda, gari likawaponyoka na kushika njia ya mjini. Tingatinga lilikuwa bado hapo, injini inaunguruma, mwendeshaji amejikunyata ndani akiwaangalia. Mama Karibu alijipangusa tope machoni, akavuta pumzi, na bila kugeuka kuona nani anamfuata, akaliendea.