Goti la Fundi

Siku mashine ya kukimbilia ilipoingia sebuleni, watu walimsifu Fundi mpaka sifa zikamwagika. Majirani waliosaidia kuibeba walisema mume wa namna hii haokotwi njiani. Dada wa Fundi, yaani wifi wa mkewe Opereta, mwanamke asiyekawia kutoa maoni hata pasipo na swali, alikaa kitako kwenye kochi, akaikagua mashine juu mpaka chini, akasema wifi yake kapendwa, yeye mume wake hata balbu ikiungua mpaka ampigie magoti. Opereta akacheka kama ilivyompasa. Alikuwa amesimama pale, mkono juu ya chuma cha kushikilia, na kusema kweli hakuhisi kupendwa hata chembe. Alihisi anawekwa kando kwa adabu.

Opereta alikuwa haoni tangu utotoni. Kazini kwake, katika kampuni moja ya bima, ndiye aliyepokea simu zote na kuziunganisha, na jina la kazi likawa jina lake, hata mumewe akaligeuza la mapenzi. Fundi naye alitengeneza friji na viyoyozi. Walikutana alipokwenda kurekebisha kiyoyozi cha chumba cha simu. Kabla hajafungua hata skrubu moja, yule mwanamke kwenye meza akamwambia kiatu chake cha kushoto kiko mbioni kumuaga. Fundi akainama akatazama. Soli ilikuwa inaning'inia kweli. Akacheka mpaka akasahau kilichomleta, na tangu hapo kile kiyoyozi kikawa kinaharibika kila wiki, alijua mwenyewe kwa nini.

Fundi alikuwa mkimbiaji. Si wa vikombe, wa kujifurahisha tu, na walipooana akamwambia mkewe haiwezekani yeye atoke kila asubuhi amwache mwenzake kitandani. Akachukua kamba ya kiatu, akaifunga kitanzi huku na kitanzi huku, kimoja kwenye mkono wake wa kulia, kingine kwenye mkono wa kushoto wa mkewe, wakatoka. Siku za mwanzo Opereta alikimbia mikono mbele, kila hatua anaona ataingia ukutani. Fundi akawa anamwambia kila kitu kwa neno moja moja: tuta, maji, juu, chini, baiskeli, mjinga huyu katukatia njia. Polepole hofu ikamtoka. Ikawa wakikimbia, kamba imelegea katikati yao, na yeye anasikia miguu yao inapiga pamoja, akili imetulia kuliko saa yoyote nyingine ya siku.

Njia aliijua yote. Kona ya kwanza ni pa mwoka mikate, na joto la tanuri lilimpiga usoni kabla ya harufu. Kisha gereji na grisi yake. Kisha uwanja wa shule, majani yana umande, unalowa mpaka soksi. Halafu mteremko, na hapo jua linampata shavu la kulia, ndipo anajua wamegeuka wanarudi nyumbani. Miaka ilipita hivyo. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda kujitegemea, na kamba ikabadilishwa mara nyingi kwa kuchakaa.

Mpaka asubuhi moja Fundi akasema goti limegoma. Alichechemea nyumba nzima akilalamika, jioni akarudi na habari kwamba daktari amemkataza mbio, atembee tu, tena taratibu. Opereta akalikanda lile goti kwa maji ya moto, akalipaka dawa, akalibembeleza kuliko alivyowabembeleza watoto. Akauliza litachukua muda gani. Fundi akasema likipona watarudi barabarani, asiwe na wasiwasi, akaitundika kamba kwenye msumari nyuma ya mlango. Opereta akaing'ang'ania ahadi ile. Hakuwa na starehe nyingine duniani zaidi ya barabara ile, na alikuwa radhi kungoja.

Ndipo ikaja mashine. Fundi aliipata hoteli moja ilipokuwa inatoa vitu vyake vibovu, akaifumua, akaisuka upya kwa mikono yake. Kwenye vitufe alidondosha gundi ikakauka: tone moja kuongeza mwendo, matone mawili kupunguza, kitufe kikubwa cha kuzima akakivika kipande cha kitambaa. Alimshika mkewe vidole akamwonyesha kimoja kimoja. Akamweleza faida zake, na faida hazikuisha: hakuna gari, hakuna mbwa, hakuna mvua, mkanda ni laini kwa viungo, na zaidi ya yote, sasa anaweza kukimbia peke yake saa yoyote, bila kumtegemea mtu. Aliposema hilo la mwisho sauti yake ilichangamka kuliko kawaida. Opereta, ambaye kazi yake ni sauti, alilisikia, akalimeza.

Haya, akakimbia. Jamani, asikudanganye mtu kwamba ni mambo yale yale. Barabarani miguu inaisukuma ardhi nyuma, na ardhi ina tabia zake, mara ngumu, mara changarawe, mara inakuteremsha bila kukuuliza. Kwenye mashine mkanda ndio unaikokota miguu, wewe kazi yako ni kuirudisha mbele usije ukatupwa ukutani. Upepo haupo. Fundi akaleta feni, feni ikavuma usoni upepo usio na habari yoyote, haukupita popote wala haukubeba kitu. Jua halikumhamia shavu. Alikuwa anatoka jasho lile lile, mapigo ya moyo yale yale, lakini akishuka hana cha kukumbuka. Ilibidi kidole kimoja kiguse chuma muda wote asipotee njia, na njia yenyewe haikuzidi urefu wa kitanda.

Hakulalamika. Angelalamikaje, na dunia nzima imeshamwambia kapendwa? Wifi akija alikuwa anauliza kwanza hali ya mashine, halafu ndiyo ya watu.

Fundi yeye kila asubuhi alitoka kunyoosha goti. Anatembea kidogo, alisema, daktari ndivyo alivyoshauri. Opereta yuko juu ya mkanda, anasikia geti linafungwa. Baadaye anasikia geti linafunguliwa, na mume anapita moja kwa moja bafuni. Zamani walikuwa wakirudi wanakaa kwanza kizingitini, wanakunywa maji, wanabishana nani kamchosha nani. Siku hizi mtu wa kutembea taratibu ndiye anayekimbilia maji na sabuni kabla hata ya kusema umeamkaje. Opereta aliliona hilo ni jambo la ajabu, akajikemea kwa kumchunguza mgonjwa.

Aliyemwaga mtama ni mwoka mikate, tena kwa nia njema kabisa. Opereta alikuwa anakwenda kazini na fimbo yake nyeupe, akapita kuchukua mkate. Yule bwana, huku anaufunga, akasema wamemkosa siku nyingi, lakini angalau shemeji wanamwona, tena siku hizi anapaa, hata salamu anaitupia nyuma ya mgongo. Opereta akauliza, anapaa vipi? Mwoka mikate akacheka, akasema kama kijana aliyefukuzwa na nyuki, wala hapumziki mpaka mteremkoni. Opereta akachukua mkate wake, akashukuru, akaondoka. Siku ile aliunganisha simu za watu kombo, mkurugenzi akapelekwa kwa muuza matairi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Hakutaka kuuliza. Maneno ya Fundi aliyajua, angempaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka yeye ndiye aombe radhi. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Jumamosi akamwambia mashine inalia, kuna kitu kinakwaruza mtu akiongeza mwendo. Fundi akainama, akaweka sikio, akasema hasikii kitu. Opereta akasema mpaka apande mtu mzito, apande yeye. Fundi akakumbusha goti. Opereta akasema atembee tu, taratibu. Na fundi akiambiwa mashine aliyoitengeneza kwa mkono wake inalia, hata awe na goti la mbao, atapanda.

Akapanda. Opereta akasimama ubavuni, kidole juu ya tone moja la gundi. Mwanzoni Fundi alichechemea vizuri tu, tuseme haki yake. Mguu mmoja ulikanyaga, mwingine ukaburuta. Opereta akaongeza. Akaongeza tena. Fundi akasema bado hasikii kitu, yeye akamwambia asubiri, sauti inakuja mbele kidogo. Kuchechemea kukaanza kusahaulika. Mwili una mazoea yake, na ule ulikuwa umezoea kukimbia. Hatua zikanyooka, zikalingana, pumzi ikapata mpangilio. Opereta akaongeza tena, na hapo akasikia kitu asichowahi kukisikia katika ndoa yake yote: hatua ndefu, nyepesi, za mtu anayekimbia kwa raha yake. Miguu ile alidhani anaijua. Kumbe miaka yote alikuwa anasikia hatua zilizofupishwa. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira aibu, kwamba siku zote yeye anadhani wanakimbia pamoja, kumbe mwenzake anajizuia.

Akabonyeza kitambaa. Mkanda ukasimama.

"Goti linaendeleaje?" akauliza.

Fundi alikuwa anahema. Akashuka, akaketi kwenye ukingo wa mashine.

"Nilichoka," akasema.

"Umenichoka mimi?"

"Si wewe. Nilichoka kuangalia. Kila jiwe, kila shimo, kila gari, kwa watu wawili, kila siku ya Mungu. Nikikosea mara moja unavunjika mguu. Nilitaka asubuhi zangu chache nikimbie bila kusema neno."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Ule ule ulioniambia goti."

Opereta alikuwa na mengi ya kusema. Aliwaza maji ya moto aliyochemsha. Aliwaza kamba kwenye msumari, ambayo siku nyingine akipita alikuwa anaigusa kuhakikisha ipo. Na baya kuliko yote, alipolitazama lile neno alilosema mumewe, hakuliona kosa lake. Mtu anachoka. Angekuwa amempata na mwanamke mwingine, angejua pa kuanzia kugomba.

Fundi akainuka, akaenda nyuma ya mlango, akaitungua kamba. Akasema kesho watatoka, yaishe, yeye mwenyewe atamfunga kama zamani. Akaushika mkono wa mkewe wa kushoto. Opereta akauchomoa.

"Niwe nasikia kila hatua unavyonihurumia? Sitaki. Wewe nenda kakimbie. Ila ukirudi usiende bafuni. Usioge kwanza. Njoo ukae hapa karibu yangu nikunuse, nijue barabara ikoje leo. Hilo tu ndilo ninalokudai."

Fundi akaahidi, kwa sauti ndogo.

Jumapili asubuhi geti likafungwa. Opereta akapanda mashine, akawasha, feni hakuiwasha. Alikimbia akimfuata mumewe kichwani: sasa yuko kwa mwoka mikate, sasa gereji, sasa umande. Uchungu haukwisha, lakini alikuwa na cha kungojea, na hicho peke yake kilimtofautishia asubuhi ile na nyingine. Mwishowe geti likafunguliwa. Nyayo hazikupinda kwenda bafuni. Fundi akaja, akavuta stuli, akaketi karibu, anahema.

Akasimulia bila kuulizwa. Tanuri la mikate lilikuwa limewaka, akasema, mwoka mikate anamsalimia. Gereji imefungwa ila wamemwaga oili mlangoni. Uwanjani majani yamefyekwa. Mteremkoni jua kali. Alisimulia vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Opereta akashuka huku mkanda unaendelea kuzunguka, akaweka mkono juu ya mgongo wa mumewe, akainama shingoni kwake.

Shati lilikuwa kavu. Lilinukia pasi. Shingo ilinukia sabuni ya jana usiku, na suruali vumbi la saruji, lile la ngazi za getini. Mkate haukuwepo, wala grisi, wala jani moja. Fundi alikuwa bado anahema, maskini ya Mungu, anavuta na kutoa pumzi kwa juhudi, na mkewe ameegemea sikio mgongoni pake anasikia moyo unapiga taratibu kabisa.

"Hukukimbia," akasema.

Fundi akaacha kuhema. Akakiri kwamba alifika getini, akafunga kamba za viatu, akainuka, miguu ikamkatalia. Alimfikiria yeye huku ndani anangoja kunusa, akashindwa kupiga hata hatua. Akakaa kwenye ngazi mpaka alipoona muda umetosha.

Opereta hakuuondoa mkono kwenye lile shati kavu. Alikuwa ameomba makombo, na hata makombo hakuletewa. Pengine mwenzake alidhani anamfanyia wema.

"Sasa ile barabara," akauliza, "umemwachia nani?"

Fundi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Opereta akapapasa chuma cha kushikilia, akapanda tena kwenye mkanda, akaendelea.