Kadenge Hakuwekewa Matanga

Ruwa alikuwa mtu asiyetulia. Miaka sita alipiga gitaa katika hoteli moja ya Bamburi, akiimba nyimbo za mapenzi alizotunga kwa kufuata mkumbo, na kila aliposhuka jukwaani alijiona kama aliyevaa shati la kuazima. Nyumbani Bofu aliandika, akachana, akatoka nje, akarudi kuandika tena.

Jumapili moja alimkuta bibi yake, Nyamvula, akimenya muhogo. Akamuuliza kwa nini jina la Kadenge limeandikwa kwenye Biblia ya familia, na hakuna mtoto aliyelirithi.

"Kadenge ni babu yangu," bibi akasema. "Wakati wa Vita vya Mjerumani, askari wa serikali walimkamata njiani, jembe begani, akawabebee wanajeshi mizigo. Haikuja barua wala nguo yake. Matanga hatukuweka. Sasa jina la mtu ambaye huenda yuko njiani kurudi, utampa nani?"

Ruwa aliondoka na maneno yale kichwani. Siku tatu hakwenda kazini. Alianza kutunga wimbo wa Kadenge, akamwita Kioko, mpiga ngoma wa bendi yao, wakatafuta mwendo wa watu waliotwishwa mizigo: hatua nzito, pumzi, hatua. Sauti ikamtoka kavu, bila madaha, wala hakuionea haya.

Waliupiga wimbo katika ukumbi wa kanisa, Nyamvula akiwa kiti cha mbele. Katika ubeti wa mwisho Ruwa alimzika Kadenge kando ya mto. Watu wakapiga makofi. Bibi akasimama.

"Nani kakwambia amekufa?"

"Bibi, ni zaidi ya miaka mia."

"Sikukuuliza miaka. Ulimwona?"

Ruwa akaliweka gitaa chini, akatoka. Alitembea hadi feri na kurudi, kwanza kwa hasira, kisha kwa aibu. Kumbe hata pale kanisani alikuwa ametafuta mwisho wa kufurahisha watu, kama kule hotelini. Akaufuta ubeti ule.

Mwezi uliofuata waliurekodi wimbo studioni, Changamwe.

"Tunaishia wapi?" Kioko akauliza.

"Hatuishii. Wewe piga tu."

Wakapiga mpaka fundi akapunguza sauti mwenyewe, polepole.

Nyamvula aliusikiliza mara mbili. Kisha akajifuta mikono kwenye leso.

"Siku ile Kadenge hakuchukuliwa peke yake," akasema. "Alikuwa na mdogo wake, Kenga. Kaa chini nikueleze."

Ruwa, ambaye tayari alikuwa mlangoni, akarudi akaketi.