Mitutu Mitatu Bila Kitambaa

Fundi wa silaha alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimuuliza ni saa ngapi, atakuhadithia bunduki ya rashasha tangu kuzaliwa kwake. Alianza na ile ya kuzungushwa kwa mkono kama mashine ya kusagia, akaja kwa ile iliyotumia teke lake yenyewe la kurudi nyuma kujipakia risasi, yenye koti la maji ya kuupoza mtutu, na watu sita wa kuihudumia. Baadaye wakaivua koti, wakaipunguza uzito, ikataka wawili, kisha mmoja. "Maendeleo hayo!" alisema. "Zamani walikufa sita kwa bunduki moja. Siku hizi anatosha mmoja." Karakana nzima ilicheka. Yeye aliacha kucheka siku ambayo mmoja huyo alikuwa kitindamimba wake, binti aliyekulia kati ya makopo ya grisi. Sasa yuko kilimani na rashasha, na adui yuko chini yake.

Basi sikia ujinga uliotendeka. Mtutu wa rashasha hubadilishwa, maana ukishafyatua risasi maelfu huliwa ndani, risasi zikatoka zinayumba, zikaenda zinakotaka zenyewe. Kwa nje huoni kitu, unang'aa tu. Kwa hiyo mtutu uliokwisha fundi aliufunga kitambaa chekundu, ukangoja kuyeyushwa. Hakuandika popote. Kitambaa kilitosha, na kila mtu alikijua.

Jumatatu mkuu wa kambi akaja kukagua. Bwana yule alichukia matambara kuliko alivyomchukia adui. Asubuhi, kabla hajafika, fundi mwenyewe, kwa mikono yake, akavifungua vitambaa vitatu, akavitia mfukoni, akaipanga mitutu yote ukutani ipendeze. Nitavirudisha baada ya chai, alijisemea. Akasifiwa, akapewa mkono, akaenda kunywa chai kifua mbele. Huku nyuma lori la kilimani likaja, na koplo wa stoo akapakia mitutu mitatu ya akiba iliyokuwa karibu na mlango. Utamlaumu vipi? Haikuwa na kitambaa.

Fundi aliporudi akaona nafasi tatu tupu ukutani. Akachukua kipimo, akapima iliyobaki mmoja mmoja. Mzima. Mzima. Mzima tena. Maskini, aliomba apate mbovu japo mmoja! Hakuupata.

Akakimbilia chumba cha redio, mtu mzima yule, viatu havijafungwa kamba.

"Afande, lori lirudishwe!"

"Limeshafika, mzee," kapteni wa zamu alisema. "Na daraja limelipuliwa nyuma yake. Hakuna kinachopanda wala kushuka."

"Basi nipe niseme na mwanangu."

Kapteni naye ana watoto. Akampa chombo cha kusemea.

"Baba? Mbona wewe? Mama mzima?"

"Mzima. Mitutu mliyoletewa, mmeanza kuitumia?"

"Tunafunga mmoja sasa hivi. Wetu ulipasuka jana, na wa akiba hatuna mwingine ila hii."

"Chukua risasi, utumbukize ncha yake kwenye mdomo wa mtutu, vile nilivyokufundisha. Isipozama, mtutu mzima."

Alingoja. Alisikia chuma kikigongana, na mtu akikohoa.

"Imezama, baba. Mpaka shingo ya ganda."

"Jaribu wa pili."

"Imezama."

Wa tatu fundi hakuuliza. Binti aliujaribu bila kuambiwa.

"Na huu pia," alisema. "Baba, vitambaa viko wapi?"

Fundi alitia mkono mfukoni, akavishika.

"Ninavyo mimi. Nilivifungua, mwanangu. Mkuu alikuwa anakuja kukagua."

Redio ilikoroma, hata akadhani wamekatiwa.

"Piga chache chache," aliharakisha kusema. "Tatu, uache. Tatu, uache. Wasogee karibu kabisa ndipo..."

"Wako wengi, baba. Watafika kwa pamoja."

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nisikilize basi. Mama usimwambie habari ya vitambaa. Mwambie lolote lile, lakini hilo usimwambie, mtashindwa kuishi nyumba moja." Nyuma yake mtu aliita kwa sauti. "Haya, wameanza kupanda. Kwaheri, baba."

Fundi alirudisha chombo mezani taratibu.

"Umempata?" kapteni aliuliza.

"Nimempata," alisema.